Hatua Kumi za Mwalimu

Ofisi ya bima ya afya haikatai mtu. Inamzungusha tu mpaka achoke akate tamaa mwenyewe. Fomu ya kuomba kiti cha magurudumu ilikwama mara tatu: ya kwanza haikuwa na muhuri wa daktari, ya pili muhuri ulikuwepo ila umefifia, na ya tatu ilipotelea mezani kwa mtu aliyekuwa likizo.

Binti wa Mwalimu alikuwa amechoka, amechoka hasa. Miezi minane alikuwa akimbeba mama yake mgongoni, kitandani hadi chooni, chooni hadi kibarazani kuota jua, na sasa hata yeye mwenyewe alikuwa akiinama kwa kuguna. Bila kile kiti, wangelala wote wawili na asiwepo wa kumbeba mwenzake.

Hatimaye wakaambiwa mkaguzi atakuja nyumbani. Sharti lilikuwa moja: anayeweza kutembea hatua kumi bila kushikwa hapewi kiti.

"Mama, leo usisimame," binti alimwambia asubuhi. "Akija, msalimie hapohapo ulipokaa."

"Nimpokee mgeni nimekaa kama gunia?"

"Leo tu, mama yangu."

Binti akadhani mama amekubali. Angepaswa kujua. Mwalimu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na hakuna mtoto aliyewahi kumwona amekaa.

Saa nne mkaguzi akapiga hodi, mtu mzima mpole, faili kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu akasimama. Akashika ukingo wa meza, akauachia, akaanza safari ya mlangoni kumpa mgeni mkono. Binti akahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye ya sita goti lilitetemeka, na binti akajikuta anamwombea mama yake aanguke. Aliona aibu mbele ya Mungu wake, lakini hakuacha kuomba. Nane. Tisa. Kumi. Ya kumi na moja ikamfikisha.

"Marahaba. Karibu ndani, mwanangu."

Mkaguzi alimtazama binti kwa huruma, kisha akaandika.

"Dada, nisamehe. Nimeona kwa macho yangu."

"Ungekuja jana ungeona mengine."

"Najua," alisema, akafunga faili.

Alipoondoka, Mwalimu alikuwa bado ameegemea mlango, miguu imegoma kabisa. Binti akachuchumaa, akampa mgongo kama kila siku.

"Kaandika nini?" mama aliuliza, mdomo karibu na sikio lake.

"Kaandika unatembea."

Mwalimu akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu augue.

"Umeona sasa? Na wewe ulitaka nikae."

Binti akajiinua naye taratibu. Akamweka sawa mgongoni na kuanza kurudi kitini. Zilikuwa hatua kumi na moja zilezile, na safari hii zote zilikuwa zake.