Meza ya Kazi

Meza ilikataa kupita mlangoni. Nalianya, seremala aliyeileta kwa mkokoteni kutoka stage ya Kawangware 56 hadi chumba cha Risper katika mtaa wa Lindi, aliilaza ubavu, akaisukuma kwa goti, ikaingia ikikwaruza fremu. Alipoisimamisha karibu na dirisha, Risper alisogea akasimama kando yake.

Ilimfika kifuani. Uso wa meza uliinamia mbele, na ukingoni kulipigiliwa ubao mwembamba wa kuzuia bidhaa zisidondoke.

"Fundi, hii ni ya nini?"

"Ya kazi. Si ndivyo ulisema?" Nalianya alijipangusa jasho. "Wamama wote wa mboga pale stage ya matatu mimi ndio huwatengenezea. Nyanya juu, sukuma wiki hapa chini, customer anaona kila kitu."

"Mimi ni mpiga chapa. Nilitaka ya kuweka taipureta."

"Sasa hiyo ni deski, mama. Ungesema deski."

Kwa miaka kumi na mmoja, katika ofisi moja ya mjini, kazi kwa Risper ilikuwa na maana moja tu: kuketi, mgongo wima, vidole kumi vikikimbia bila macho kutazama herufi. Walipompunguza kazini walimwachia taipureta kuukuu, naye akajiapia kwamba vidole hivyo ndivyo vitakavyomlisha. Tangu hapo alichapia kitandani, mashine juu ya debe, mpaka mgongo ukawaka moto na makosa yakazidi maneno. Ndipo alipompa Nalianya kabati lake la vyombo liwe malipo ya meza. Sasa vyombo vilikuwa sakafuni, kabati lilikuwa limeshauzwa kwa mtu mwingine, na Osewe, mwanafunzi wa chuo kikuu, angekuja kesho mchana kuchukua tasnifu yake aliyompa aichape. Kazi ikiwa safi, angemletea wenzake wote wa darasa. Zilisalia kurasa arobaini.

Alipobaki peke yake aliifunga taipureta mezani kwa leso yake ya kujitanda, akaweka vipande vya matofali chini ya miguu ya mbele ili meza isiiname, akachapa akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza ulitoka vizuri, hata akathubutu kutabasamu. Kwenye wa pili, mapigo yalipokolea, tofali liliteleza. Leso ikafunguka, mashine ikaruka ukingo na kuanguka kwenye saruji. Chuma kinachobeba karatasi kilikuwa kimepinda. Alikisukuma kushoto, akakisukuma kulia, hakikusogea. Akaketi miongoni mwa masufuria, mashine mapajani, akalia bila kujali nani anasikia.

Nereah, jirani wa mlango wa pili, alichungulia dirishani. Aliiona meza kabla ya kumwona mtu.

"Risper, kumbe umeanza biashara na huniambii? Nyanya utakuwa nazo?"

Risper alifungua mdomo kumwambia kwamba yeye ni mpiga chapa. Vidole vyake bado vilikuwa juu ya herufi, kila kimoja mahali pake.

"Kesho," alisema. "Pitia kesho asubuhi, nitakuwa nazo."