Bunduki Haikatwi

Hilal alikunja mkono wa kulia kama alivyoagizwa, na fundi akakilaza kitako cha bunduki katika kunjo la kiwiko chake. Kidole cha shahada cha mtoto kikanyooka kukitafuta kifyatulio, kikapapasa hewa, kikaishia njiani. Fundi akatikisa kichwa. Zuwena, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, alijikuta naye amekunja mkono wake ndani ya buibui bila kukusudia.

"Imempita," alisema fundi Ramathan, Mganda mpole aliyekuwa akifanya kazi zote za mbao katika karakana ile ya silaha. "Tukate inchi mbili, sir. Itamkaa vizuri."

"Kata," alisema Zahran, baba yake Hilal.

"Haikatwi," alisema Zuwena.

Zahran aligeuka kumtazama dada yake. Alikuwa na kibali cha bunduki mfukoni, gari limeegeshwa juani, na watoto wawili walioanza kuchoka: Hilal, na Thuraya mwenye miaka tisa, ambaye tangu wafike hakuwa ameyabandua macho yake kwenye bunduki.

"Dada, si tuliongea nyumbani?"

"Tuliongea habari ya kuileta kwa fundi. Ya kukata hukunambia. Baba alikuwa akisema bunduki haikatwi, mtu ndiye anayekua. Nilimsikia kwa masikio yangu mie, wewe hujazaliwa."

Alilisema neno hilo kwa fahari, kwa kuwa ndilo alilorithi. Bunduki yenyewe ilikwenda kwa Zahran baada ya arobaini, na hakuna aliyeuliza, kwani bunduki ni kitu cha kiume na kibali hakigawanyiki mafungu. Zahran hakujua hata kuifungua ili aisafishe. Zuwena aliijua kama alivyolijua jiko lake. Ndiye aliyemuuguza baba yao hapa mtaani Al Qusais hadi pumzi ya mwisho, na ndiye aliyekuwa akiipaka mafuta kila mwezi, mtutu na mti, pamoja na ile ngozi ya mbuzi iliyoshonwa kukivika kitako.

Utotoni mwake, kila baridi ilipoingia, baba yake alimwita uani kabla ya kwenda jangwani kuwinda sungura. Alimkunja mkono, akamwekea kitako kiwikoni, wakatazama pamoja kidole kinapofika. "Bado, mwanangu. Kikifika tu, tunakwenda sote. Subira yavuta heri." Na Zuwena akasubiri. Alikunywa maziwa aliyokuwa akiyachukia. Alining'inia kwenye kizingiti cha juu cha mlango ili mikono irefuke, mpaka mama yake akamwuliza kama amekuwa popo. Kila baridi kidole kilisogea kidogo, na kila baridi gari liliondoka alfajiri bila yeye.

Kilipofika hatimaye, alikuwa na miaka kumi na mitano. Alimwendea baba yake mbio, bunduki mkononi, kidole kimekikumbata kifyatulio sawasawa. Baba hakukitazama kidole. Alimtazama yeye, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akasema kwa upole, "Umeshakuwa mwari sasa. Mwari haendi jangwani na wanaume." Akaichukua bunduki, akaitundika.

Zuwena hakumlaumu. Hapo ndipo alipojidanganya maisha yake yote: alijiambia kuwa si baba aliyemnyima, ni mifupa yake iliyochelewa. Laiti angekua haraka zaidi, mwaka mmoja tu, angekwenda. Alimpenda baba yake kwa ahadi ile, na akaichukia mikono yake mwenyewe.

"Madam," fundi Ramathan alisema, akijaribu kuwapatanisha ndugu wale, "mimi sikati mti ambao sijauona. Wacha nitoe hii ngozi kwanza, halafu tutajua."

Alipitisha kisu kwenye mshono. Nyuzi zilikuwa zimekauka, zikakatika bila ubishi. Ngozi ikabanduka, na chini yake, vidole vinne hivi kutoka mwisho, ukaonekana mstari mwembamba unaokizunguka kitako. Huku mti ulikuwa kahawia ya kukoza. Kule ulikuwa mwekundu mwekundu, mti mwingine kabisa. Ramathan akacheka. Akalifungua bamba la chuma la nyuma, akachukua bisibisi.

"Hakuna kazi ya msumeno hapa! Mtu aliongeza kipande, pengine alikuwa na mikono mirefu. Natoa skrubu mbili, khalas."

Zilitoka skrubu mbili tu. Kipande kikaanguka mezani, kikabingirika, kikatulia ubavu juu, na ubavuni mwake palikuwa na nusu ya ua la kuchongwa na msumari mmoja wa shaba.

Zuwena aliinuka, akakichukua. Alilijua ua lile. Nusu yake ya pili ilikuwa chumbani kwake, kwenye sanduku la harusi la mama yake alilotoka nalo Unguja, lile linalosimama kwa miguu mitatu na tofali moja. Mgeni akiuliza, mama alikuwa akijibu, "Mguu wa nne umeliwa na bunduki ya bwana, hata hina haijanitoka mikononi," na nyumba nzima ikicheka. Zuwena alicheka pia, akidhani baba aliutia motoni kuchemshia chai huko kambini.

Hata hina haijamtoka mikononi. Yaani kabla mimba ya Zuwena haijatungwa. Baba yake aliukata mguu ule kwa mkono wake, akaupachika, akaushonea ngozi juu. Kila baridi alipomkunja mtoto wake mkono na kusema bado, alijua. Bisibisi ilikuwa kwenye sanduku lake la vyombo, hatua chache kutoka pale walipokuwa wamesimama. Kazi isingemchukua muda hata wa chai kupoa.

Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira ikaja aibu, aibu ya mtu mzima aliyekwenda kumtetea aliyemdanganya. Hakuwa na pa kuipeleka. Aliyekuwa akidaiwa majibu alikuwa kaburini, na mikono ya Zuwena iliyomwosha miguu mwaka mzima wa ugonjwa ni ile ile aliyoiambia ingoje.

"Umeona?" Zahran alisema kwa furaha. "Hata haikukatwa. Neno la baba limesimama."

Zuwena alikibana kile kipande kiganjani.

Ramathan alilirudisha bamba, akaiweka bunduki kiwikoni kwa Hilal. Kidole kikafika bila taabu. "Mashallah!" alisema Zahran. Hilal alitabasamu kwa adabu, akauliza kama sasa anaweza kurudi garini kwenye simu yake. Akapewa ufunguo, akatoka.

Ndipo Thuraya aliposogea mezani. Alikunja mkono wake wa kulia, akaunyoosha mbele ya fundi kama alivyomwona kaka yake akifanya. Ramathan akamtazama Zahran, Zahran akacheka, na bunduki ikalazwa kiwikoni kwa mtoto. Kidole chake kikanyooka, kikabakisha upana wa ukucha.

"Na mimi, baba?"

"Ukikua, mama," alisema Zahran, akimpapasa kichwa kwa mapenzi. Hata sauti ilikuwa ya marehemu. "Subira yavuta heri."

"Usimwambie hivyo," alisema Zuwena.

"Nimesema nini kibaya?"

"Utampeleka jangwani akikua?"

Zahran alimtupia jicho fundi, akaona haya. "Dada, mtoto wa kike… hayo si maneno ya hapa."

"Basi mwambie hutaki. Mwambie hapana, mbele yangu. Atalia leo, kesho ataamka aende shule. Lakini usimwambie asubiri."

Ndege ilipita chini ikielekea uwanjani, na karakana nzima ikatetemeka mpaka skrubu mbili zikacheza mezani. Zuwena alikuwa bado amekishika kile kiguu cha sanduku, kidole gumba juu ya ua. Ramathan aliichukua bunduki taratibu, akaanza kuifuta vumbi.

Thuraya hakuukunjua mkono wake. Alikuwa akimtazama baba yake, akingoja.