Pumzi za Helder

Tangu warudi makaburini kumzika mumewe Helder, hakuna aliyemgusa Elsa bega. Wanawake walikaa mkekani wamezunguka sinia moja la ugali na kisamvu. Yeye aliletewa sahani yake peke yake, kama mwenye upele. Mama mkwe wake hata hakumtupia jicho.

Hayo yote yalitoka kwa Adelino, mdogo wa marehemu, aliyefika Magomeni ya huku kusini akitokea kijiji cha Kilambo na maneno yamemjaa mdomoni.

"Shemeji, nani alimpeleka kaka kuchanja? Ulimburuta kama mbuzi! Haukupita muda, moyo ukasimama."

"Daktari alisema moyo wake ulikuwa umevimba. Ile corona aliyougua inaweza kuushambulia moyo, hata homa ikishaisha."

"Na chanjo haiwezi?"

Elsa hakutaka kusema uongo. "Inaweza, ila ni nadra sana. Ugonjwa wenyewe ndio hufanya hivyo mara nyingi zaidi."

"Mmemsikia? Kakiri kwa kinywa chake!"

Daktari alikuwa amemuuliza Elsa swali moja: mumeo alianza kuishiwa pumzi kabla ya chanjo au baada? Nyumbani Helder hakuchoka hata siku moja. Aliingia akipiga mluzi, akala, akalala. Kitanda kimoja miaka yote hiyo, na hana jibu! Mkwewe naye alikwishasema: matanga yakianuliwa, arudi kwao.

Ndipo Sharifa alipotoka chumbani amevaa koti la marehemu, ndoo kaifunga mgongoni iwe pampu yake ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Sharifa ni Mmakua, muuza maandazi kwenye njia ya kwenda mashambani, mtani wa Wamakonde, na mtani msibani haombi ruhusa ya kumwigiza marehemu.

"Mtazameni Mmakonde wenu!"

Akapiga hatua, akasimama. Akashika kifua, akaegemea nguzo ya baraza, akihema mdomo wazi.

"Nikamwambia, wewe, usinifie kwenye maandazi, nani atanunua? Akanijibu, 'Sharifa, tangu ile homa kifua hakinitaki. Ila usimwambie mke wangu, atanizuia kupulizia.' Sasa anakaribia kwake, mwoneni!" Akafuta jasho, akanyoosha mgongo, akapiga mluzi.

Watu wakaangua kicheko. Adelino naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Lini hiyo?"

"Wakati wa kupulizia, mtani wangu. Mikorosho ina maua."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Chanjo ililetwa mtaani watu wakiwa wanaokota korosho, maua yamekwisha kusahaulika. Adelino akainamisha kichwa, akachora chini kwa kidole cha mguu.

"Elsa," mama mkwe akaita, akisogea kumpa nafasi. "Njoo ule, mwanangu."

Akaenda. Akamega tonge, akalishikilia mkononi. Njia nzima ya mashambani ilizijua zile pumzi. Yeye aliachiwa mluzi tu.

"Sharifa," akasema, "rudia."

"Nirudie nini, bibi? Kufa?"

"Pale anapoegemea. Kabla ya mluzi."

Sharifa akamtazama, mzaha ukamtoka usoni. Akaifunga ndoo upya, akaenda kwenye nguzo, akaanza kuhema. Safari hii hakuna aliyecheka. Elsa aliliacha sinia, akaenda kusimama upande wa pili wa nguzo, akasikiliza.