Gogo Lenye Ncha Nyekundu

Khatib alianza na mabenchi. Aliyakata moja baada ya jingine, cheche zikimrukia miguuni, na kila moja lilipoanguka chini alijiambia kuwa kazi ni kazi, chuma hakina kumbukumbu. Uongo mtupu! Pikapu ile ilikuwa ya kaka yake, Usi, aliyeipakilia abiria wa mashamba miaka kumi na minne, na mwaka jana, papo hapo uani Bububu, ikamlalia kifuani ikamuua. Sasa mjane wake, Mize, alitaka igeuzwe gari la kuni.

"Eda nshaitoka zamani, shemegi, na watoto wanakula kila siku," alimwambia. "Waoka mikate wa mjini na wapishi wa shughuli kule Michenzani wanazitafuta kuni kwa kurunzi mchana. Gari lipo, fundi upo. Tunangoja nini?"

Angejibu nini maskini? Angekataa, angeulizwa kwa nini. Na hiyo kwa nini ndiyo iliyokuwa ikimla roho mwaka mzima.

Siku ya khitma ya baba yao, kuni zilikuwa zikiwaishia wapishi na pilau haijaiva. Pikapu ilikuwa juu ya jeki, gurudumu moja limetolewa, kwa kuwa Usi alitaka kuitengeneza ili awarudishe wageni wa shamba. Chini ya ekseli aliweka gogo lake la mvinje, kama alivyoliweka siku zote, ncha moja kaipaka rangi nyekundu lisichanganywe na kuni. Mwenyewe alikuwa keshakwenda msikitini. Dakika mbili tu, Khatib alijisemea, nitamtafutia jingine. Akalivuta gogo, akalitupa kwenye lundo la kuni la Mize, aliyekuwa akisimamia jiko, mara akaitwa kutandika majamvi, akasahau. Akasahau! Usi aliporudi alijitia chini ya gari bila ya kutazama, maana nani hutazama kitu alichokiweka kwa mkono wake? Jeki ikateleza. Watu wakasema ni ajali, kazi ya Mungu haina makosa. Gogo lilikuwa limeshakuwa majivu.

Usi alikuwa na desturi moja. Akiwa chini ya gari na akitaka kitu, hugonga chesisi kwa spana mara tatu. Siku ya kwanza ya kazi Khatib alisikia. Ko, ko, ko. Akaitika, "Naam, kaka," kabla ya kujijua, kisha akabaki kinywa wazi mbele ya gari tupu. Siku ya pili akasoma Ayatul Kursi kabla ya kuwasha mashine, lakini akagongewa vilevile. Alitamani angalau uwe mzuka, apate wa kumwomba radhi.

Kwa siku kumi alifanya kila kilichokuwa juu. Alichomelea mbavu za mabomba, akatandika sakafu ya bati nene, akazipaka mbavu rangi nyekundu, akazipaka tena. Zikabaki springi, zilizotaka kuongezwa ili gari lihimili mzigo. Nazo ziko chini.

"Gari la bwana harusi hili," Mize alisema siku ya kumi na moja, baada ya alasiri. "Kuni hazitaki urembo, shemegi. Springi je?"

"Kesho, inshallah."

"Jana ulisema kesho."

Khatib akapiga jeki. Akatoa gurudumu, akapiga magoti, na hapo hapo akasikia: ko, ko, ko. Akashindwa. Akakaa mavumbini, machozi yakamtoka mtu mzima yule.

"Shemegi, nna neno. Ile siku ya khitma..."

"Ngoja."

Mize aliingia ndani akatoka na gogo la mvinje, kalikumbatia kama mtoto mchanga. Ncha yake moja ilikuwa nyekundu, rangi mbichi ya mbavu za gari. Akalisukuma chini ya ekseli, akaligonga kwa kisigino mpaka likakaa.

"La Usi lilikuwa hivi hivi," alisema, hamtazami. "Nililikuta kwenye lundo langu siku ile. Nililijua, Khatib, na nilijua linakaa wapi. Pilau ilikuwa inaharibika, wageni wanangoja. Nikasema nitatuma mtu akamwambie. Nikalitia motoni kwa mkono wangu huu, na sikutuma mtu."

"Mimi ndiye niliyelitoa."

"Najua, tangu nilipokusikia ukiitika peke yako. Zamani sikuuliza. Ningeuliza nani kalileta, ningeulizwa nani kalichoma."

Jirani alikuwa akitwanga kitu, kinu chake kikisikika hadi uani. Khatib alijifuta uso kwa shati la kazi, akalala chali, akajisogeza taratibu chini ya gari, chuma chote kile juu ya kifua chake. Alitega sikio. Hakugongewa. Akafungua nati ya kwanza, ya pili, ya tatu ikamkatalia. Spana kubwa ilikuwa imebaki nje, na ulimi wake haukuweza kuita. Basi akainua ile ndogo aliyokuwa nayo, akagonga chesisi mara tatu.

Nje, Mize aliiinamia spana kubwa. Kisha sauti yake ikaja, imekauka.

"Naam."