Rangi ya Kijani Juu ya Ng'ombe Wekundu

Picha iliingia kwenye simu Karwirwa akiwa juu ya ngazi, anamalizia ukuta wa saluni mjini Meru. Aliitazama, akashuka, akaacha brashi ikikauka ndani ya mkebe.

Lilikuwa jabali la kwao, huko chini ya mji wa Mitunguu. Juu yake watu wa kale, ambao hakuna ajuaye majina yao, walichora kwa udongo mwekundu ng'ombe saba wa pembe ndefu. Hapo ndipo Karwirwa alipojifunzia kuchora, akifuatisha migongo yao kwa kidole hewani, maana baba yake alimkataza kuwagusa. Sasa walikuwa wamefunikwa na jina la mgombea wa udiwani, kwa rangi ya mafuta ya kijani. Na mwandiko aliujua. R yenye mguu mrefu hivyo ilikuwa ya mdogo wake, Mwirigi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Saa nane alikuwa amefika jabalini. Alimkuta Mwirigi akiosha brashi.

"Umefanya nini?"

"Kazi, dada. Si ulinifundisha kazi?"

"Mawe yote haya, hukuona lingine?"

"Hili ndilo linaonekana kutoka barabarani. Na hivyo vitu vimefifia hata. Wewe unachora kuta za watu kila siku, nani anakuuliza?"

"Nachora mwenye ukuta akiniita! Wewe hapa uliitwa na nani? Hawa walikuwepo kabla ya babu zetu!"

Mwirigi akaingiwa na woga. "Basi, natoa." Akamwaga petroli kwenye kitambaa, akasugua kabla hajazuiwa. Kijani kikatoka. Pembe za ng'ombe wa kwanza zikatoka nacho, kitambaa kikawa chekundu. Karwirwa akamsukuma, Mwirigi akaanguka kitako.

Juma lile Karwirwa aliomba ukuta mrefu unaotazama soko, na mwenye jengo akakubali. Akachora ng'ombe wote saba, wakubwa kama walio hai. Chini yao akaandika: HAWA WALIHARIBIWA NA MWIRIGI, NDUGU YANGU, ALIYETUMWA NA MGOMBEA. Jina la mgombea hakuliandika; lilikuwa limetangazwa vya kutosha.

Watu wakapiga picha. Mama yao akapiga simu.

"Karwirwa, ni ndugu yako wa tumbo moja. Kanisani wananikodolea macho. Futa hilo jina."

"Aje afute mwenyewe, Mama. Kusugua anajua."

Mwirigi hakuja. Mgombea alishinda, akaapishwa, na jabali likabaki na jina lake nusu. Krismasi Karwirwa alienda nyumbani, akaketi kula na mama yake. Mwirigi alipoingia na mkungu wa ndizi begani, akasema, "Dada, habari ya siku nyingi," Karwirwa alisukuma sahani, akainuka akatoka nje. Mama aliita mara mbili. Hakugeuka.