Mgeni Mmoja wa Profesa Pyo

Chuo chetu cha teknolojia ya habari, pale Daejeon, kilikuwa na amri moja iliyozipita zote: masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Wenye hekima waliokaa vikao kumi na viwili kuipitisha walitueleza kuwa dunia haitakuja kwetu tukiendelea kuongea kama mama zetu. Darasani tulikuwa Wakorea ishirini na tisa, mwalimu Mkorea, na mgeni mmoja, Enkhtuya, binti kutoka Mongolia. Dunia ikawa imekuja.

Somo la mitandao lilikuwa la Profesa Pyo Sang-gil. Ujanani mzee huyu alivuta nyaya za kompyuta kwa mikono yake, jengo hadi jengo, na kwa Kikorea angeweza kumwelewesha hata mpishi wa kantini jinsi ujumbe unavyosafiri. Kwa Kiingereza alikuwa na sentensi tatu tu: "Kama mjuavyo," "Hili ni muhimu," na "Kuna swali?" Hatukujua, umuhimu hatukuuona, na maswali tulikosa lugha ya kuyauliza.

Tulipojaza fomu za kuwapima walimu, akashika mkia. Mwezi wa kumi na moja akaandikiwa barua ya onyo, kwa Kiingereza safi kabisa. Siku hiyo aliingia na barua imekunjwa mfukoni mwa koti, akaandika ubaoni nusu saa nzima bila kugeuka. Mimi, kiongozi wa darasa, nilikaa mbele. Nje kulikuwa na barafu, lakini kola yake ilikuwa imelowa jasho. Niliona aibu, maana fomu yangu nayo nilikuwa nimeijaza bila huruma.

Ndipo Enkhtuya akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa," akasema kwa Kikorea. "Hapo kwenye foleni ya ujumbe nimepotea. Unaweza kurudia kwa Kikorea?"

Chaki ikasimama. "Kumbe unajua Kikorea?"

"Nimeuza viatu soko la Dongdaemun, Seoul, miaka miwili, Profesa. Ningeuza kwa ishara?"

"Sasa mbona kimya tangu Septemba?"

"Nani aliniuliza? Kila mtu ananiongelesha Kiingereza, na mimi Kiingereza chenyewe sikiwezi. Nikadhani wenzangu ndio wanakipenda."

Darasa zima likamgeukia. Wiki kumi tulikuwa tunateseka kwa ajili yake, naye anateseka kwa ajili yetu.

Profesa akafunga mlango, akavua koti, akafundisha. "Ujumbe ni kama watu wanaopanga foleni kwa muuza maandazi ya nyama," akasema. "Wote wanangoja. Mara anatokea shangazi mmoja, anapenya hadi mbele: 'Jamani, nipisheni, mwanangu ana homa!' Mnampisha, hammpishi?"

"Tunampisha!"

"Na wakija mashangazi arobaini?"

Tulicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Kicheko hicho kilimtoa Mkuu wa Kitivo, Dakta Myeong, ofisini kwake milango mitatu mbali, kwani kicheko kutoka somo la mitandao kingeweza tu kuwa ajali.

"Profesa Pyo, nasikia nini? Kikorea? Na humu tuna mgeni!"

"Mgeni ndiye aliyeomba, Mkuu."

Dakta Myeong akamwinamia Enkhtuya, akamuuliza kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti kubwa kama anayeongea na kiziwi, iwapo anaonewa.

"Sionewi, Mkuu," Enkhtuya akajibu kwa Kikorea. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimeelewa."

Mkuu akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema ameelewa, Mkuu."

"Kwa lugha gani?"

"Hiyohiyo aliyokujibia."

"Hebu mtafsirie swali langu vizuri."

Nikamtafsiria Enkhtuya kwa Kiingereza changu cha kuchechemea. Akasikiliza kwa heshima zote, kisha akajibu tena kwa Kikorea, neno kwa neno kama mwanzo.

Profesa akaitoa ile barua. "Mkuu, hii nimeisoma mara nne, na kamusi pembeni. Inasema wanafunzi hawanielewi. Leo wamenielewa. Nikuombe radhi kwa kosa gani kati ya hayo mawili?"

Dakta Myeong alitazama ubao, akatutazama sisi. "Nitalifikisha kwenye kamati," akasema, akatoka.

Kamati ilikaa mara tano. Ikaamua kwamba mwalimu anaruhusiwa kufafanua kwa Kikorea, mradi mwanafunzi wa kigeni aombe kwa maandishi kila wiki, na ombi liwe kwa Kiingereza. Maombi hayo niliyaandika mimi, Enkhtuya akatia sahihi. Mwisho wa muhula Profesa hakuwa tena mkiani, na Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka. Nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kunufaika na amri ile.

Majira ya kuchipua yalipofika, chuo kikatoa kijarida kipya cha kuvutia wageni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Enkhtuya akitabasamu, na chini yake aya nzima ya maneno yake kwa Kiingereza kitamu. Alinifuata kantini nikila tambi, akakiweka mezani.

"Dada, nisomee," akasema. "Nataka kujua nimesema nini."