Hewa Ndani ya Tangi

Gereji nzima ilimwita Sindano kwa wembamba wake, na kazi yoyote ya kujipenyeza mahali pa kubana ilikuwa yake. Siku hiyo alikuwa ndani ya tangi la maji la chuma, amechuchumaa, anachomelea ufa uliokuwa chini kabisa. Tundu la kuingilia lilikuwa juu, la kumtosha yeye tu. Nje alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, seremala wa zamani aliyekuja kujifunza vyuma, asiyefunga mdomo.

Jua lilikuwa kali. Mle ndani moshi ulimkaba Sindano, jasho likamchoma macho.

"Shemeji, nakufa huku! Lete feni!"

"Feni imeungua. Toka upumzike kidogo."

"Nikitoka leo sirudi tena. Kimebaki kipande tu."

Shemeji akaondoka. Kisha mpira mwembamba wa gereji ukateremka tunduni, ukilia shiii.

"Haya, vuta hiyo! Hewa ya hospitali, mgonjwa wangu!"

Sindano akacheka. Ubaridi ulimpitia shingoni, ukaingia kwenye mikono ya ovaroli, kifua kikafunguka. Alikaa hivyo kwa raha zake, mpira umelala mapajani. Kisha akashusha kinyago cha kuchomelea, akawasha mashine.

Cheche moja ikatua kwenye mkono wa ovaroli. Kila siku zilitua, akazipangusa tu. Hii haikupangusika. Nguo ililipuka mwali mweupe hadi begani, na kabla hajapiga kelele kifua nacho kilikuwa kinawaka. Shemeji alimkamata kwa mikono mitupu, akamvuta juu kupitia tundu lile, ngozi ikibaki kwenye kingo.

Hospitalini mwenye gereji alikuja, akaketi pembeni ya kitanda.

"Shemeji yako alikuwekea oksijeni ya mtungi, ile ya kukatia vyuma," alisema. "Haina harufu. Inajaa kwenye nguo, halafu cheche ndogo tu, kitu chote kinawaka kama kimemwagiwa petroli. Mlihitaji hewa ya kawaida. Feni, au utoke nje."

Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana. Havikuachana tena.

Dada yake alikuja kila siku, peke yake, akamlisha uji.

"Mumeo yuko wapi?"

"Ana homa. Anasema ovaroli yako ilikuwa na mafuta, kaka. Alikuonya."

"Mafuta yapi? Yeye ndiye aliyenifungulia oksijeni!"

Kijiko kikasimama hewani. Dada akakirudisha bakulini.

"Sasa umeniambia ili nimfanye nini?"

Kesho yake shemeji alitokea mlangoni, viganja vimefungwa bandeji, maneno yote yamemwishia.

"Nilitaka upumue," alisema mwishowe.

"Najua."

"Nilimdanganya dada yako. Niliogopa."

"Na mimi niliujua ule mpira, kuwa ni wa oksijeni," Sindano alisema. "Niliushika kabisa. Nilipopoa, sikutaka kuuliza." Akageukia ukuta. Hakumwambia aketi, wala hakumfukuza.

Shemeji alirudi kwenye useremala. Sindano alihamia kwa dada na shemeji, kwa kuwa hakuweza hata kujifunga vifungo. Jioni wanaume hao wawili huketi sebuleni, wanaongea habari za mvua na za majirani. Dada hupakua chakula, humkatia kaka yake vipande vidogo vidogo, na sahani ya mumewe huiweka mezani bila neno.